Jembe Nalo ni Zoezi: Sukari ya Damu na Msimu wa Kilimo Singida

Kila mwaka tarehe 14 Novemba huadhimishwa Siku ya Kisukari Duniani. Ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, daktari wa Kanada ambaye pamoja na wenzake waliipata insulini mjini Toronto. Januari 1922 mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14, akachomwa sindano yake. Kwa watu wa Singida tarehe hiyo huangukia wakati mashamba yanafyekwa, majembe yanatiwa mipini na kila mtu anatazama mawingu. Mvua za mkoa huu huja msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na zikishuka hakuna anayesubiri. Watu waliokuwa wamepumzika tangu mavuno ya alizeti na uwele huingia shambani alfajiri na kutoka jua likiwa utosini. Miongoni mwao wamo wenye kisukari, na ujumbe wanaoupata siku ile ya Novemba ni ule ule wa miaka yote: fanyeni mazoezi.

Ujumbe huo ni wa kweli, ila haumtoshi mkulima. Mama wa Ikungi au Mkalama anayelima kwa jembe la mkono saa nne mfululizo, kisha akabeba ndoo ya maji kichwani na mzigo wa kuni, amefanya zoezi zito kuliko wengi wanaokimbia asubuhi barabarani wakiwa na viatu vya michezo. Huyu hana haja ya kuhimizwa atokwe jasho. Anahitaji mtu amweleze jasho hilo linaifanya nini sukari yake, likikutana na dawa aliyokunywa au sindano aliyojichoma. Dozi aliyopangiwa Agosti, alipokuwa akishinda nyumbani akichambua mbegu, haiwezi kuwa dozi ya Desemba. Nimeandika makala hii kwa ajili ya jambo hilo moja, kwa sababu watu wanaanguka mashambani kwa kutolijua.

Tuanze na mwili. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimwacha Mjerumani Amanal Petros kwa kipande kidogo cha sekunde. Mwili wa mkimbiaji asiye na kisukari hujipanga wenyewe safari nzima. Misuli inapoanza kazi, kongosho hupunguza insulini, na homoni nyingine iitwayo glukagoni huliamuru ini litoe sukari liliyoiweka akiba. Sukari inayoingia kwenye misuli hulingana na inayotoka kwenye ini, na damu hubaki na kiasi chake.

Anayejichoma insulini hana uwezo huo. Insulini ikishaingia chini ya ngozi haiwezi kurudishwa. Itafanya kazi yake hata kama wakati huo huo misuli nayo inavuta sukari kwa nguvu. Tena misuli inayofanya kazi ina njia yake ya kuvuta sukari pasipo kungoja insulini, kwa hiyo sukari ya damu huvutwa mara mbili. Ini nalo, likiona insulini nyingi kwenye damu, huzuia akiba yake. Hapo ndipo sukari inaposhuka. Jambo hili si geni: Robin Lawrence, daktari wa London ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari, aliandika mwaka 1926 kwamba mazoezi huiongezea insulini nguvu. Miaka mia moja baadaye bado kuna wagonjwa wanaotoka kliniki bila kuulizwa wanafanya kazi gani.

Swali la kwanza la kujiuliza, basi, ni dawa ipi unatumia. Kama unatumia metformin peke yake, hofu ni ndogo. Dawa hiyo hailazimishi kongosho kutoa insulini, na mara chache sana humshusha mtu sukari akiwa kazini. Lima, tembea, endesha baiskeli, kula kwa wakati, na usiiache. Kama unatumia glibenclamide, hali ni tofauti kabisa. Kidonge hicho huliamsha kongosho litoe insulini utake usitake, na nguvu yake inaweza kukaa mwilini siku nzima. Wazee na wenye matatizo ya figo wako kwenye hatari zaidi, kwa kuwa dawa hukawia kutoka mwilini. Gliclazide ni ya kundi hilo hilo ingawa kwa kawaida ni salama zaidi. Mzee anayemeza glibenclamide saa 12 asubuhi kwa chai kavu, kisha akashika jembe, amejiweka pabaya kabla hata jua halijapanda. Na kama hujui jina la kidonge chako, chukua pakiti uende nayo zahanati wakusomee. Hakuna aibu.

Wanaotumia insulini ndio ninaotaka kukaa nao zaidi, hasa wale wa insulini mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa inayochomwa asubuhi na jioni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mixtard. Ndani yake mna insulini mbili. Sehemu ya kwanza, ya haraka, huanza kazi katika nusu saa na hufikia kilele kati ya saa mbili na nne baada ya sindano. Sehemu ya pili huenda polepole na hufikia kilele kuanzia saa nne hivi na kuendelea, mara nyingi mchana kati na alasiri. Sasa iweke ratiba hiyo juu ya ratiba ya mkulima. Amejichoma saa 12 asubuhi na kunywa kikombe cha uji. Saa 2 hadi saa 4 asubuhi, jembe linapokwenda kwa kasi kwa sababu bado kuna ubaridi, insulini ya haraka ipo kileleni. Saa 6 au 7 mchana, anaposema ngoja nimalizie tuta hili ndipo nikale, insulini ya pili inapanda. Kila kipindi ambacho yeye amekipanga kwa kazi ngumu au kwa kuchelewesha chakula, insulini imekipanga kwa nguvu yake yote. Si bahati mbaya akitetemeka saa 5 asubuhi.

Kwa hiyo kwa mtu wa insulini mchanganyiko, chakula cha katikati ya asubuhi na cha mchana ni sehemu ya dawa. Kipelekwe shambani. Viazi vitamu viwili vya kuchemsha kwenye kitambaa, ugali wa uwele wa jana na maziwa ya mgando, au ndizi mbivu kama zipo. Kiazi kitamu cha ukubwa wa kati kina wanga wa gramu 20 au zaidi kidogo, na mtu anayefanya kazi nzito kwa saa nyingi anaweza kuhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ikiwa dozi yake haikupunguzwa. Ukipiga hesabu utaona kwamba kula tu hakutoshi. Utajikuta unakula ili kuilisha insulini uliyojichoma bila ya lazima. Njia bora ni kupunguza dozi kabla ya kazi.

Hilo la kupunguza dozi ni la kupanga na daktari au mganga wa kliniki yako, na si la kubuni mwenyewe njiani. Lakini ni haki yako kujua kwamba linafanyika duniani kote na lina kanuni. Insulini ya haraka inayochomwa na mlo kabla ya zoezi la wastani mara nyingi hupunguzwa kati ya robo na nusu, kulingana na urefu wa kazi. Ya muda mrefu hupunguzwa asilimia 20 hivi siku za kazi nyingi. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hapaswi kuiacha insulini kabisa hata siku moja, kwani bila insulini mwili huanza kuunguza mafuta hovyo, ketoni zikajaa kwenye damu, na hiyo huua. Kwa hiyo nenda kliniki mapema, kabla ya mvua, ukaseme wazi: “Shikamoo daktari. Mimi nalima kwa jembe. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa shambani kila siku kuanzia saa 12 hadi saa 6 mchana, hadi palizi iishe. Naomba tupange dozi ya msimu huo.” Sentensi hizo chache zina uzito kuliko vipimo vingi. Iwe ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Kiomboi, Makiungu, Iambi au Mtakatifu Gaspar kule Itigi, anayekuhudumia hawezi kukisia kazi yako kwa kukutazama ukiwa umevaa nguo za kliniki.

Mahali pa kuchoma sindano pana maana pia. Damu huenda kwa wingi kwenye kiungo kinachofanya kazi, na insulini iliyochomwa hapo hunyonywa haraka. Anayelima asichome mkononi. Anayeendesha baiskeli kwenda mnadani asichome pajani. Tumbo ndilo mahali pa siku za kazi. Joto nalo huharakisha insulini kuingia mwilini, na joto hilo hilo huiharibu ikiwa bado kwenye chupa. Chupa isiachwe kwenye mfuko uliotundikwa mtini juani. Nyumbani pasipo jokofu, mtungi wa udongo unafaa sana: chupa ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ikae ndani ya mtungi uliowekwa kivulini. Kwa namna hiyo chupa inayotumika huweza kukaa takriban mwezi mmoja. Insulini angavu ikigeuka kuwa na ukungu, au ile ya maziwa ikifanya mabonge, imeharibika.

Kupima. Najua vijiti vya kipimo ni ghali na wengi huvihesabu kama fedha. Kama una vichache, usivimalize siku za kukaa nyumbani ambapo namba zako unazijua tayari. Vitumie wiki ya kwanza ya kilimo: pima kabla ya kutoka, pima katikati ya kazi, pima kabla ya kulala. Siku tatu nne za namba hizo, zikiandikwa kwenye daftari pamoja na saa na kazi uliyofanya, zitampa daktari picha ambayo kipimo kimoja cha kliniki asubuhi hakiwezi kumpa. Nawa mikono na uikaushe kabla ya kujitoboa. Kwa mrina asali hili ni la lazima: asali kidogo tu kwenye kidole huongeza namba, na unaweza kusoma 14 wakati damu yako ina 4. Ukijichoma insulini kwa kuiamini namba hiyo, umejichoma sumu.

Namba zenyewe, kwa kizio cha mmol/L na kwa anayetumia insulini au glibenclamide, zisomwe hivi. Kabla ya kuanza kazi, ikiwa chini ya 5, kula kwanza kitu chenye wanga, subiri kidogo, kisha anza. Kati ya 7 na 10 ni pazuri pa kuanzia. Ikizidi hapo hadi 15 na unajisikia vizuri, kazi nyepesi itaishusha. Kunywa maji ya kutosha. Ikizidi 15, hasa kwa wa aina ya kwanza, usishike jembe kabla ya kujua kama una ketoni. Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha. Tumbo kuuma, kutapika, kupumua kwa kasi na harufu kama ya matunda yaliyooza mdomoni ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama kipimo chako kinaonyesha namba kubwa kama 90 au 180, kinatumia kizio kingine: gawanya kwa 18 upate namba tunazozisema hapa.

Ipo kazi nyingine inayopandisha sukari badala ya kuishusha, nayo huwachanganya watu. Kunyanyua gunia la vitunguu, kupasua magogo, kukimbia kwa nguvu zote uwanjani kwa dakika chache: adrenalini hupanda, ini linamwaga sukari, na kipimo kinaonyesha 13 ilhali ulianza na 8. Usikimbilie kujiongezea sindano. Mara nyingi hushuka yenyewe, na ukiongeza insulini juu yake utaanguka baada ya saa chache.

Sasa tuseme imeshuka. Dalili zake wengi wanazijua kwenye miili yao hata kama hawana jina lake: jasho la baridi lisilolingana na kazi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, macho kuona ukungu, hasira isiyo na sababu, maneno kutoka ovyo. Anayetumia dawa za presha au moyo kama propranolol au atenolol anaweza asisikie moyo ukienda mbio. Kwake jasho ndilo la kuangaliwa. Shambani shida ni kwamba jasho na uchovu ni vya kila mtu, hivyo mgonjwa anajidanganya kuwa ni kazi tu. Kanuni yangu ni kali: ukishuku, acha jembe palepale. Usimalizie mstari. Kama kipimo kipo, chini ya 3.9 imeshuka na chini ya 3.0 ni hatari. Kama kipimo hakipo, chukulia kuwa imeshuka.

Na hapa Singida tuna dawa ya dharura ambayo mikoa mingine inaagiza kutoka kwetu. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, na gramu 15 ndicho kiasi kinachotakiwa kuanzia. Meza, kaa kivulini, subiri dakika 15, pima tena au jisikilize. Bado hujawa sawa? Rudia. Ukipata nafuu, kula chakula chenye kukaa tumboni kabla ya kugusa jembe. Mimi ningesema siku hiyo urudi nyumbani, na usirudi peke yako. Kama asali hakuna, vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haina msaada. Karanga, maziwa na nyama vinachelewa. Si vya dakika hiyo. Chupa ndogo ya asali iliyofungwa vizuri mfukoni, msimu mzima wa kilimo, ingeokoa watu wengi.

Niongeze neno kuhusu asali hiyo, kwa sababu imani imekaa kichwa chini miguu juu. Wapo wanaoamini kwamba asali, kwa kuwa ni ya asili, haimdhuru mwenye kisukari, na wanaitia kwenye chai kila asubuhi. Sehemu kubwa ya asali, takriban asilimia 80 ya uzito wake, ni sukari, na inapandisha sukari ya damu kama sukari ya dukani. Watu hao hao, sukari ikiwashuka, wanaogopa kulamba asali wakisema wamekatazwa vitu vitamu. Ni kinyume kabisa. Siku ya kawaida iepuke, dakika ya kutetemeka ilambe.

Akipoteza fahamu, usimnyweshe wala kumlisha chochote, maana kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mtu mmoja abaki naye, mwingine atafute usafiri hadi kituo cha afya au hospitali, ambako atatundikiwa glukosi ya mshipa. Wafanyakazi wenzake wajue mapema, kwa sababu mtu aliyeshuka sukari anaonekana kama mlevi, na wapo waliofikiriwa wamekunywa, au wamepagawa, au wana kifafa, wakaachwa chini ya mti hadi wakachelewa. Na aliyeangushwa na glibenclamide asirudishwe nyumbani kwa sababu tu ameamka. Dawa ile bado imo mwilini na inaweza kumwangusha tena usiku. Abaki chini ya uangalizi.

Usiku ndio mlango ambao wengi hawaulindi. Misuli iliyolima siku nzima inaendelea kujaza akiba yake baada ya kazi, na mwili unabaki mwepesi kwa insulini kwa saa 24 au hata 48. Anayejichoma insulini mchanganyiko saa 1 jioni ana kilele kingine kinachomjia usingizini, na saa 8 au 9 usiku sukari inashuka na hakuna anayeona. Dalili zake ni ndoto mbaya, shuka kuloa jasho, kuamka na kichwa kinachouma. Siku za kazi nzito, zungumza na daktari kuhusu kupunguza dozi ya jioni, usilale bila kula, na kama kabla ya kulala una chini ya 7, ongeza kikombe cha maziwa na kipande cha kiazi. Mwenzi wako ajue kukuamsha akiona unatokwa jasho au unaropoka.

Na kuna pombe. Kulima kwa ujirani, wote wanakwenda shamba la mmoja na jioni wanakaribishwa pombe, ni desturi ya zamani ya mkoa huu na ina uzuri wake. Kwa mwenye kisukari ni mkusanyiko wa hatari zote: kazi ngumu ya siku, insulini ya jioni, na ini ambalo likishughulika na pombe haliwezi kutoa sukari yake. Wenyeji wenye busara watakupa togwa au chai bila kuuliza. Ukinywa hata kidogo, kula kwanza, na mtu akuangalie usiku. Asiyejua tofauti ya mlevi na aliyeshuka sukari hapo ndipo atakapokosea zaidi.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, palizi ikiwa imepamba moto, na Kwaresima nayo huwa karibu hapo. Anayetumia insulini au glibenclamide na anataka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla. Mgonjwa ana ruhusa ya dini yake kutofunga, na mashehe wengi wameeleza kwamba kujitoboa kidole kupima hakuvunji saumu. Atakayeamua kufunga apalilie alfajiri mapema na kwa muda mfupi, aache kazi nzito alasiri, na akisoma chini ya 3.9 afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika 10 kufika magharibi.

Miguu isisahauliwe. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo, na mtu anaweza kulima nusu siku akiwa na mwiba ndani bila kujua. Zulfiqarali Abbas, daktari wa Dar es Salaam aliyejulikana duniani kwa kazi yake ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, ametumia miaka mingi kufundisha kwamba vidonda vingi vinavyoishia kukatwa mguu vingeweza kuzuiwa mapema. Usilime peku. Kandambili hazitoshi. Vaa viatu vya kufunika vidole, vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na jioni nyayo zioshwe, zikaushwe na zitazamwe, au mtoto azitazame kama macho yako hayaoni vizuri. Aliyeambiwa macho yake yana mishipa mipya inayovuja damu asinyanyue magunia mazito bila ruhusa ya daktari wa macho. Na mwenye maumivu ya kifua au pumzi kukatika akipanda kilima apimwe moyo kwanza.

Dereva wa bodaboda mwenye kisukari anayetumia insulini naye ni mtu wa kazi: hakikisha una 5 au zaidi kabla ya kuwasha pikipiki, hasa ukitoka shambani, kwa maana nyuma umembeba mtu.

Watoto wa kisukari cha aina ya kwanza wasizuiwe kucheza. Wapo wazazi na walimu wanaowakalisha kivulini wenzao wakicheza mpira, kwa hofu. Nacho Fernández, beki aliyecheza Real Madrid miaka mingi na kunyanyua Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara sita, aligunduliwa ana kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miaka 12. Mtoto wa Manyoni mwenye ndoto ya siku moja kucheza kwenye uwanja wa Liti anahitaji mambo machache: mwalimu wa michezo anayejua hali yake, kitu kitamu mfukoni ambacho hakuna wa kumnyang'anya, ruhusa ya kula darasani, na insulini iliyopangwa kwa siku za mechi. Mwalimu aandikiwe kwenye karatasi dalili zake na namba ya simu ya nyumbani. Akisema “mwalimu, sijisikii vizuri,” asiambiwe avumilie hadi kipenga.

Kisha mavuno huisha, na hatari hubadilisha upande. Kuanzia Juni upepo wa baridi unapovuma, kazi ni za kukaa: kuchambua, kuuza, kusubiri. Maji yanaletwa kwa mkokoteni, safari ya kilomita tatu inafanywa kwa bodaboda. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake uliochapishwa mwaka 1989, kutoka vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ulikuta kisukari kwa watu wasiofika hata 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Miguu iliyopumzika ina sehemu yake katika mabadiliko hayo. Kiangazi ndipo ushauri wa mabango unapomfaa mkulima: tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo, hasa wa jioni, kwani wakati huo ndipo sukari ya ugali inapopanda, usipitishe siku mbili mfululizo bila kujishughulisha, kusanya angalau dakika 150 kwa wiki. Aliye mjini ana barabara ya pembezoni mwa Ziwa Singidani na Kindai. Aliye kijijini anaweza kuiacha bodaboda akaenda gulioni kwa miguu.

Na dozi uliyopunguziwa Desemba irudishwe kuangaliwa. Mtu aliyepunguziwa insulini kwa ajili ya jembe akaendelea na dozi hiyo hiyo Julai atashangaa kuona kipimo kinasoma 15 na 16 ilhali “hajala kitu.” Nenda kliniki ukiwa na daftari lako la msimu, lenye namba za wiki ya kupanda, za palizi na za kuvuna, umwombe daktari mzilinganishe na za sasa. Mwaka unaofuata, mawingu yakianza kukusanyika, hutaanza upya. Utafungua ukurasa wa Novemba uone ulishuka saa ngapi, siku gani, na ulikuwa umekula nini.